Tembo la mnazi linatoka wapi, na kwa nini mwembe uliochunwa gome bado una majani?

*"Shikamoo mwalimu. Nina shamba dogo karibu na Pangani nililoachiwa na marehemu baba: minazi mirefu kama 30 na mwembe dodo mmoja mkubwa. Kuna mgema anataka nimkodishe minazi 10. Anasema tembo ni maji ya ardhini yanayopandishwa na mizizi, kwa hiyo mnazi haupungukiwi na kitu, na vidato atakavyochonga ni mikwaruzo tu. Mjomba wangu hataki hata kusikia. Anasema kugema ni kuufyonza mnazi damu, na mnazi uliogemwa hufa. Halafu huo mwembe: mwezi wa nane mtu alikuja usiku kuchuna gome la dawa, akauzungushia wote, upana wa kiganja hivi, mbao ikabaki nyeupe. Lakini sasa ni Januari, majani ni ya kijani na maembe ya msimu huu yalikuwa makubwa kuliko miaka yote. Jirani anasema mti umepona. Mbona basi tunaambiwa mti ukichunwa gome hufa? Na mnazi nao, unachongwa vidato toka chini mpaka juu, kwa nini haufi? Naomba unieleze kwa kina, usinijibu ndiyo au hapana tu."*

Marahaba, na pole kwa mwembe. Una maamuzi mawili mbele yako, la mgema na la mti uliochunwa, na kwa mtazamo wa haraka hayahusiani. Yanahusiana sana. Yote mawili ni habari ya sukari inayotengenezwa kwenye majani na njia inayopita kufika kwingine. Ukishaielewa njia hiyo utaweza kuzungumza na mgema, mjomba na jirani, maana kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli. Suala la mwembe ndilo la haraka zaidi, tena haraka kweli, ila nitalifikia baada ya tembo, kwa sababu bila tembo halitaeleweka.

Mgema ana haki nusu. Maji yaliyomo ndani ya tembo kweli yamenyonywa na mizizi. Lakini onja maji ya kisima chako, kisha onja tembo lililoteremshwa asubuhi kabla halijachacha. Utomvu mbichi wa mnazi huwa na sukari kiasi cha asilimia 12 hadi 18, na karibu yote ni sukrosi, sukari ileile unayotia kwenye chai. Udongoni hakuna sukari ya namna hiyo ya kunyonywa. Imetengenezwa juu kwenye makuti, kwa mwanga wa jua, hewa ya kaboni na maji. Kwa hiyo mgema anapokwambia mnazi haupungukiwi na kitu, anahesabu maji na kusahau kilicholetwa na majani.

Ndani ya mmea kuna njia mbili za kusafirishia vitu, na kuzichanganya ndiko kunakozaa ubishi mwingi. Ya kwanza ni zailemu. Kwenye mwembe hiyo ndiyo mbao yenyewe. Hupandisha maji na chumvi za udongoni. Seli zake zimeshakufa, zimebaki mabomba matupu, na maji yaliyomo huvutwa na majani yanapotoa mvuke. Mchana wa jua kali hakuna kinachoyasukuma kutoka chini. Ndiyo maana ukitoboa mbao ya mwembe saa saba mchana maji hayamwagiki, bali hewa ndiyo inayoingia. Tembo lingekuwa maji ya zailemu, mgema angekata akasubiri hadi achoke.

Njia ya pili ni floemu, na hiyo ndiyo ya sukari. Mirija yake ni seli hai zilizopangana ncha kwa ncha, na kuta zinazozitenganisha zina vitundu vidogo sana, ndipo tukaiita mirija chekeche. Ni seli za ajabu. Zikikomaa hupoteza kiini na sehemu kubwa ya vitu vya ndani, ili njia iwe wazi, kisha huishi kwa kulishwa na seli ndogo zilizo ubavuni mwake ambazo tunaziita seli wenza. Seli isiyo na kiini ambayo hata hivyo inaendelea na kazi kwa miaka: kwenye mnazi, kama utakavyoona, kwa miaka mingi mno.

Sasa sukari inasukumwaje? Watu wengi hudhani huteremka kwa uzito wake, kama maji ya mvua kwenye bati. Ingekuwa hivyo, isingepanda kulisha kuti changa linalochomoza kileleni, wala isingelifikia ua lililoinuka juu ya jani linalolilisha. Kinachotokea ni hiki. Kwenye jani lililokomaa, sukari huingizwa ndani ya mirija chekeche kwa nguvu, hadi humo ndani iwe nyingi kuliko nje. Penye sukari nyingi maji hufuata. Hiyo ndiyo osmosisi mliyoisoma shuleni. Maji hayo hutoka kwenye zailemu, ambayo imelala sambamba na floemu ndani ya kila mshipa wa jani. Yakishaingia, na kwa kuwa ukuta wa mrija hautanuki sana, shinikizo hupanda. Mara nyingi hufika kama mara 10 ya shinikizo la hewa tunayovuta, wakati tairi la gari dogo hujazwa mara 2 na kitu tu. Upande wa pili, palipo na mzizi unaokua au kitale, yaani nazi changa, kinachonenepa, sukari hutolewa mrijani, ikaliwa au ikawekwa akiba. Maji nayo hutoka kuifuata, na shinikizo la pale hushuka. Basi utomvu wote hutiririka kutoka penye shinikizo kubwa kwenda penye dogo, uwe upande wa juu au wa chini. Njiani hakuna pampu. Nguvu yote imetoka kwenye jani, na mwendo wake ni kiasi cha nusu mita hadi mita moja kwa saa. Kwenye mnazi wa mita 15, sukari ya leo asubuhi huenda ikafika mizizini kesho.

Maelezo hayo yalitolewa kwa ukamilifu mwaka 1930 na Mjerumani Ernst Münch, mtaalamu wa misitu, na yalibishiwa kwa miongo mingi. Pingamizi lililokuwa na uzito ni la urefu wa miti: je, shinikizo la majani linatosha kusukuma utomvu mzito kupitia mamilioni ya vitundu hadi mizizini? Mwaka 2016 Michael Knoblauch na wenzake huko Marekani waliupima mmea wa kutambaa wa jamii ya kiazi kitamu, waliouacha urefuke hadi mita 7 na nusu. Waliona kwamba kadiri mmea unavyorefuka, shinikizo linapanda na mirija yenyewe inabadilika ipitishe kwa urahisi zaidi. Bado wanasayansi wanajadiliana kuhusu miti mirefu sana, lakini msingi wa Münch umesimama.

Ukitaka ushahidi wa shambani, tazama vidukari kwenye kunde zako. Mdudu huyu hupenyeza mdomo wake mwembamba kuliko unywele hadi ndani ya mrija mmoja wa floemu, na hana haja ya kunyonya kwa bidii. Shinikizo la mmea humsukumia chakula mdomoni. Hupata sukari nyingi kuliko anavyohitaji, hivyo humwaga iliyozidi nyuma yake, na ndiyo ile nata unayoiona juu ya majani, inayowaita sisimizi. Mwaka 1953 J. S. Kennedy na T. E. Mittler, watafiti wa Uingereza, waliutumia ujanja wa mdudu huyo: walimkata kidukari akiwa kazini, wakamwondoa, wakauacha mdomo wake umechomekwa. Utomvu uliendelea kutoka kwenye kile kimdomo, wakaukusanya na kuupima. Nadhani ndio ugemaji mdogo kuliko wote uliowahi kufanywa duniani.

Turudi kwa mgema wako. Anachofanya ni kuchagua ua la mnazi likiwa bado limefungwa ndani ya karara lake, kulifunga kamba lisifumuke, kulilainisha na kuliinamisha taratibu, kisha kukata ncha. Ua changa ni mahali palipokwisha kupangiwa sukari nyingi, kwa sababu lilikuwa liwe maua mamia na mkole mzima wa nazi. Anapokata ncha, shinikizo la pale hushuka ghafla hadi sawa na la hewa ya nje, na utomvu wa makuti yote yaliyo karibu unageukia huko. Kwa maneno mengine, amefungua bomba penye foleni ya watoto wanaosubiri kula.

Na kwa nini apande asubuhi na jioni, kila siku, kukata kipande chembamba tena? Kwa sababu mnazi unajitetea. Mrija wa floemu ukikatwa, protini zilizomo hukimbilia kwenye vile vitundu na kuviziba, na baada yake hutengenezwa dutu iitwayo kalosi, inayokaza kabisa. Mkato wa jana umefungwa. Kotama ya leo, yaani kisu cha mgema, inaondoa ile sehemu iliyozibwa na kufungua mirija upya. Mgema mzuri hukata kama karatasi tu. Mgema mwenye pupa hukata nene, na ua linamwishia katikati ya kazi. Ukitaka kumpima kabla ya kuandikiana naye, mwombe akuonyeshe mabaki ya maua aliyokwisha kugema kwa watu wengine.

Hapo ndipo hofu ya mjomba inapohitaji jibu la haki. Tupige hesabu. Mnazi wenye afya unaweza kutoa lita 1 hadi 2 kwa siku kutoka kwenye ua moja. Chukua lita 1 na nusu yenye sukari ya gramu 150 kwa lita: hizo ni gramu 225 kwa siku, na ua likigemwa siku 30, ni karibu kilo 7 za sukari. Sukari hiyo ilikuwa ijenge nazi. Kumbuka pia kwamba nyama ya nazi ikikauka ni mafuta kwa sehemu kubwa, na mmea hutumia karibu gramu 3 za sukari kupata gramu 1 ya mafuta. Kwa hiyo mnazi haufyonzwi damu. Unanyang'anywa mshahara wa majani yake. Mti mzima hauwezi kufa kwa kunyang'anywa mshahara wa mkole mmoja. Kuna minazi ya Kaloleni na Rabai, pwani ya Kenya, iliyogemwa na babu na sasa inagemwa na wajukuu.

Ila kuna kitu ambacho mgema hatakwambia, labda kwa kuwa hakimhusu. Mnazi mrefu hutoa kuti jipya takriban kila mwezi, na kila kuti lina ua moja kwapani. Ua moja hugemwa kwa mwezi au zaidi. Maana yake, mgema akiwa na bidii anaweza kuyamaliza maua yote ya mnazi, moja baada ya jingine, asikuachie hata moja. Na wewe hutaliona hilo mapema, kwa sababu kutoka kidaka hadi nazi iliyokomaa ni kama miezi 12. Mwaka wote anaogema utaendelea kuangua nazi za maua ya mwaka uliopita, useme mbona hakuna hasara. Mwaka wa pili ndipo mkwezi atakapopanda na kushuka mikono mitupu. Isitoshe, mikole iliyobaki nayo itapata sukari pungufu. Vidaka vingi huanguka hata kwenye mnazi usiogemwa, kwa sababu mti hujipunguzia mzigo usioweza kuulisha. Ukigema, vitaanguka zaidi.

Ushauri wangu, kwa hiyo, si ule wa mgema wala wa mjomba. Mpe minazi 5 badala ya 10, na iwe ile yenye makuti mengi ya kijani, isiyopungua 25 kileleni. Mkubaliane aache ua moja baada ya kila maua mawili, au agawe mwaka: miezi ya mvua ageme, kiangazi apumzike, maana jani lenye kiu hufunga matundu yake na sukari hupungua hata kabla ya mtu kuiba. Mwaka unaofuata ahamie minazi mingine. Huko Ufilipino wamejaribu njia ya kugema nusu ya mbele ya ua na kuacha nusu ya nyuma izae, kwa kuwa maua ya kike hukaa karibu na shina la ua. Inahitaji fundi mwenye subira, na sijui kama wako ni huyo. Halafu rudisha ulichochukua. Utomvu wa floemu hubeba potasiamu nyingi, na mnazi ni mlaji mkubwa wa potasiamu. Makumbi na makuti makavu yasichomwe ovyo wala kuuzwa yote, yarudi chini ya minazi inayogemwa, pamoja na samadi na majivu ya jikoni.

Kama shida yako kubwa ni nazi za kupeleka sokoni, basi usikodishe kabisa. Tembo huleta fedha kila siku, nazi huleta fedha kwa awamu. Hilo ni hesabu ya nyumba yako, na mimi siwezi kuifanya.

Sasa vidato, swali lililonifurahisha kuliko yote. Kwa nini mwembe ukizungushiwa hufa na mnazi uliochongwa ngazi nzima unaendelea kuzaa? Jibu liko kwenye mpangilio wa njia zilezile mbili. Kwenye mwembe, floemu yote ya shina imekaa kwenye gome la ndani, utando mwembamba uliouzunguka mti wote. Chini yake kuna kambiamu, tabaka la seli zinazojigawa, zikitoa mbao kwa ndani na floemu mpya kwa nje. Anayechuna gome pande zote amekata floemu yote kwa mara moja. Mnazi hauna gome la namna hiyo. Njia zake zimefungwa katika vifundo vidogo vidogo, kila kimoja na zailemu yake na floemu yake, na vifundo hivyo vimetawanyika shina zima. Ukiukata mnazi ulioanguka utaviona, ni vile vidoadoa vyeusi kwenye ubao. Kidato kinakata vifundo vya sehemu ile tu. Vingine vinapita na njia zinaungana tena mbele.

Hata hivyo mgema amekosea kuviita mikwaruzo. Mnazi hauna kambiamu, kwa hiyo hauwezi kutengeneza floemu mpya shinani wala kufunika kidonda. Mirija ya floemu iliyoko karibu na kisiki cha mnazi aliopanda babu yako ni ileile iliyokuwepo babu akiwa kijana, bado hai, bado inapitisha sukari. Kifundo kilichokatwa kimekatwa moja kwa moja. Tena vifundo vimesongamana zaidi upande wa nje, hukohuko panga linakopita. Kidato kirefu kinachotuamisha maji ya mvua ni mlango wa kuoza na wa fukusi wanaotaga mayai kwenye vidonda. Mwambie atumie kamba ya kukwelea au ngazi kwa minazi iliyo mifupi kidogo. Akishikilia vidato, viwe vifupi, viinamie nje ili maji yamwagike, na visikabiliane pande mbili kwa kimo kimoja.

Sasa mwembe. Jirani yako ameona majani ya kijani akasema umepona. Nasikitika kukuambia kwamba majani ya kijani hayathibitishi kitu hapa. Aliyechuna gome hakugusa mbao, na maji hupanda kwenye mbao. Kwa hiyo majani yanaendelea kunywa na kutengeneza sukari kama kawaida. Tatizo liko chini ya kidonda. Tangu mwezi wa nane mizizi haijapokea sukari mpya. Inaishi kwa wanga iliouweka akiba. Siku akiba itakapokwisha, vijizizi vyembamba vinavyonyonya maji vitakufa kwanza, na hapo ndipo majani yatakapoanza kunyauka. Mara nyingi hutokea kwenye kiangazi, watu wakalaumu jua. Mti mkubwa kama wako unaweza kuishi hivyo miezi, hata zaidi ya mwaka, kutegemea akiba.

Na maembe makubwa? Hiyo ndiyo dalili yenyewe. Sukari iliyokuwa iende mizizini imekwama juu ya kidonda, ikagawiwa matunda. Wakulima wa zabibu na machungwa katika nchi mbalimbali hufanya hivyo kwa makusudi: huondoa kijipete chembamba sana cha gome, milimita chache tu, ili matunda yanenepe, na kijipete hicho huziba chenyewe kabla mizizi haijaumia. Upana wa kiganja hauzibi wenyewe. Mtaliano Marcello Malpighi alifanya jaribio la kuvua pete ya gome katika karne ya 17, akaona shina likivimba juu ya pete na chini likibaki vilevile. Nenda kautazame mwembe wako. Bila shaka ukingo wa juu wa kidonda umenenepa kama mdomo, na wa chini umebaki umesinyaa.

Kabla ya kukata tamaa, kagua mambo matatu. Zunguka kidonda polepole na uangalie kama kuna mahali popote, hata pembamba kama kidole, gome la ndani liliachwa likiunganisha juu na chini. Wachunaji wa usiku huruka sehemu bila kujua. Ukilipata, mti una nafasi nzuri. Lilinde kama mboni. Pili, kwaruza mbao iliyoachwa wazi kwa kucha: ikiwa imekauka na kuwa kijivu, kambiamu imekufa na hakuna gome litakaloota hapo. Wangekuita siku ileile ukakifunga kidonda kwa nailoni bila kukigusa, huenda kingeota; miezi mitano ni mingi mno kwa hilo. Tatu, na hili ndilo muhimu, angalia kama kuna machipukizi yanayotokea chini ya kidonda.

Machipukizi hayo watu wengi huyakata wakidhani yanaunyonya mti. Usiyaguse! Kila jani lililo chini ya kidonda ni jiko jipya la mizizi, kwa kuwa sukari yake haina haja ya kuvuka mahali palipokatwa. Kama yapo, mizizi inakula. Kama hayapo, yape nafasi: punguza vivuli vinavyolifunika shina, weka matandazo, mwagilia kwa kiasi kipindi hiki cha kaskazi. Punguza pia matawi ya juu, kama theluthi moja, ili majani yasinywe maji kuliko mizizi dhaifu inavyoweza kuleta. Maua yakija tena, yapunguze, najua inauma.

Kuunganisha juu na chini kunawezekana. Fundi huchukua vijiti vya mwembe vyenye unene wa penseli, huchonga ncha zote mbili, na kuzipenyeza chini ya gome, moja juu ya kidonda na moja chini yake, akizingatia upande wa juu wa kijiti ubaki juu. Vijiti kadhaa huzungushiwa shina, hufungwa na kupakwa nta. Vikishika, floemu yake inakuwa daraja la sukari. Njia nyingine, ambayo kwa mwembe wako naiona bora, ni kuchukua chipukizi lenye nguvu lililoota chini, au mche uliopandwa jirani kabisa na shina, na kukiunganisha kichwa chake juu ya kidonda. Kazi zote hizi hufanyika vizuri gome likiwa linabanduka kwa urahisi, yaani masika yakianza, mwezi wa tatu. Sitakudanganya: kwa kidonda cha kiganja kizima kilichokaa muda huu, mara nyingi hushindwa. Ikishindikana, na kama mwembe dodo wako ulitokana na kokwa, bado una njia. Chipukizi la chini ni mti uleule, kwa hiyo ukiukata mwembe juu ya chipukizi hilo na kulilea, baada ya miaka kadhaa utakula dodo lilelile. Kama uliwahi kubebeshwa, yaani kuunganishwa juu ya mche wa mwembe mwingine, hapo utapata mwembe wa mche wa chini, ambao pengine si dodo.

Daraja usilijaribu peke yako kwa mara ya kwanza juu ya mti unaoupenda. Mwite afisa ugani wa kata, na umuulize nani anabebesha miembe na michungwa. Muheza kuna mafundi wa michungwa wenye mikono myepesi. Kwa minazi, kuna dalili zinazotaka mtu aje kuona kwa macho kabla ya kumruhusu mgema yeyote: nazi za kila umri kuanguka kwa pamoja, maua mapya kuwa meusi ndani ya karara, kisha makuti kugeuka manjano kuanzia ya chini. Hiyo ndiyo sura ya ugonjwa unaoua minazi ya pwani yetu, unaosababishwa na viini vinavyoishi ndani ya mirija ya floemu yenyewe na vinavyodhaniwa kuenezwa na wadudu wafyonzaji. Hauna tiba shambani, na mnazi ulioshikwa huondolewa ili kuinusuru mingine. Kituo cha Mikocheni, Dar es Salaam, cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, kimefanya kazi ya minazi kwa muda mrefu, na ofisi ya kilimo ya wilaya inaweza kukuunganisha nao. Walio Kenya waende Mtwapa, kwenye kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la huko. Usipulizie dawa yoyote kabla ya hapo.

Wiki hii, pima upana wa kidonda kwa rula, hesabu machipukizi yaliyo chini yake, na upige picha ya ukingo wa juu na wa chini. Ukinitumia hayo kabla ya mwezi wa tatu, nitakuambia kama nadhani daraja linastahili kujaribiwa au ni bora uanze na chipukizi moja kwa moja.